Kiwiko Mbavuni

…na gongo limekwenda kuzunguka huko mbali tena, kama mlango wa zizi unaosukumwa na upepo, mpira ulishapita zamani, ulishatua kwenye glovu ya mdakaji, ndipo mikono ya Pelagia ilipofika, ikapiga hewa, hewa tupu ya Itetemia yenye vumbi la Juni, na refa nyuma yake akasema, mbili, akanyanyua vidole viwili kama padri anayebariki, mbili, maana yake imebaki moja, kwenye softiboli mpigaji akikosa ya tatu ametoka, naye ndiye mpigaji wa mwisho, mchezo umekwisha kwa sare, na sare inawatosha wale, hawa haiwatoshi, wale wameshinda mechi nyingi huko nyuma, kwa sare hii wale ndio watakaopanda basi kwenda Mwanza kwenye mashindano ya kanda, na hawa watarudi bwenini kufua jezi, Mungu wangu, na Tufaha yuko pale kituo cha tatu, hatua chache tu kabla ya nyumbani, hapa anaposimama mpigaji, ameinama mikono magotini, hijabu ameichomeka ndani ya jezi, anasubiri Pelagia apige chochote, chochote kile kinachokwenda mbele, naye atakimbia aingie, pointi moja, washinde, mwaka huu ni wa mwisho kwa Tufaha, kidato cha nne, baada ya hapa baba yake anamtaka dukani… ngoja kwanza, refa amesema ngoja, ameuchukua mpira kwa mdakaji anaugeuzageuza, uzi umefumuka, ngozi imeachama kama kiatu kibovu, leteni mwingine, anasema, na mwingine ndio ule uliorukia ng'ambo ya ua, kwenye barabara ya Ujiji, Mwalimu Anselm na mwalimu wa upande wa pili wanatoka kwenda kuutafuta, wanapekua majani kando ya lori la tumbaku lililoegeshwa pale, na wewe mpigaji usitoke hapo, refa anasema, mchezo haujasimama, tunasubiri mpira tu, basi Pelagia amebaki ndani ya kijumba chake cha majivu, maana chokaa iliwaishia asubuhi wakachora mistari kwa majivu ya jikoni, mstari huku, mstari huku, nyuma refa na mdakaji, mbele Ngollo mrushaji, pembeni watu, na kati ya watu, kwenye khanga iliyotandikwa chini, shangazi.

Shangazi Martha amekuja, hilo hakulitarajia, alijua mpunga umeshaletwa uani na maturubai yametandikwa na hakuna atakayetoka Kigwa wiki hii, lakini asubuhi alishuka kwenye treni na kapu lake na kitenge chake cha WAWATA, cha akina mama Wakatoliki, kilichopigwa pasi, akawakuta wote wawili uwanjani wakipasha misuli, kila mmoja upande wake, akawasalimu kwa kilugha, mwadila, wanangu, akasema, nimekuja kuwaona wote wawili, akakaa chini, basi, na tangu hapo hajampigia makofi huyu wala yule, mikono ameiweka mapajani kama yuko misani, na Pelagia tangu hapo hajapiga mpira hata mmoja… wote wawili, alisema, lakini mmoja amemzaa na mwingine ameletewa, hilo nani asiyelijua, Ngollo ni mtoto wa tumbo lake, Pelagia ni wa kaka yake marehemu, alifika pale nyumbani akiwa darasa la pili, na ndoo ya plastiki kichwani, nguo zake zote zimo ndani ya ndoo, akasimama mlangoni mpaka alipoambiwa ingia, na leo huyo Ngollo ndiye mrushaji wa wale, amesimama pale katikati ya uwanja anajifuta kiganja kwenye paja, anamtazama Pelagia kwa jicho lile lile la turubai la mpunga, angekuwa mtu mwingine yeyote anayerusha, ee Bwana, mtu yeyote, msichana wa Nzega, wa Urambo, ambaye hamjui, lakini Ngollo anaujua mkono wake kuliko anavyoujua Pelagia mwenyewe, mpunga wa miaka mingapi wamepiga wakitazamana, mistari miwili, fimbo ndefu, huyu akishusha yule anainua, na vumbi la makapi linawasha shingoni, na Ngollo yuko ng'ambo ya turubai anamtazama hivyo hivyo…

Binamu yako huyo, eti, anasema Maua, yule mdakaji wa upande wa pili aliyechuchumaa nyuma yake, mdomo wake haupumziki tangu asubuhi, binamu yako huyo anakujua, jana ametuambia wote, Pelagia mtupieni karibu na kifua tu, msimpe nafasi, mikono yake safari inaanzia Kigwa… na refa akasema, dada, zungumza na glovu yako, watu wakacheka, Pelagia hakucheka, ni kweli, mikono yake inaanzia Kigwa, Mwalimu Anselm naye alisema karibu vilevile, Pelagia mwanangu, mpira uko hapa na wewe uko hapa, sasa kwa nini gongo lako linazunguka mji mzima kupitia Isikizya, na timu nzima ikaanguka chini kwa kicheko, mpaka leo akikawia popote wanamwuliza amepitia Isikizya, basi mwalimu akamsimamisha ubavuni mwa stoo ya chakula, tumbo likitazama ukuta, kati yake na ukuta nafasi ya gongo moja tu, akamwambia zungusha bila kugusa ukuta, akazungusha, pa, plasta ikamrukia usoni, tena, pa, Tufaha alikuja akasimama palepale akazungusha laini kabisa, gongo likapita mbele ya ukuta kama paka anayepita mlangoni, mwalimu akasema, mmeona, kiwiko cha nyuma kimeshuka kikakaa mbavuni, kitako cha gongo kimetangulia, kile kichwa kizito kimefuata mwishoni, na kabla ya mikono kwenda kiuno kilishageuka, mikono haianzi, mikono inaitwa na kiuno, na vidole vilegee, mtu ukilikamia gongo mikono inakuwa miti, na usilipeleke nyuma kwanza ili ulilete mbele, nyuma huko hakuna mpira… yote hayo anayajua, angeulizwa kwenye mtihani angeandika akajaza ukurasa, lakini akisimama watu wakamtazama, mikono inafunguka yenyewe, inakwenda nje, inakwenda juu, na ukuta ule wa stoo una makovu yake mpaka leo, mpishi anaulizia kila siku nani atapiga plasta.

Inua vizuri basi, Pelagia, hiyo ni sauti ya Ngollo, anasema kwa upole kama wako uani, inua, kuku wanakula mpunga, na upande wao wote wakacheka, hata baadhi ya upande huu wakacheka, na Pelagia bila kutaka akatazama kwenye khanga, shangazi hakucheka, shangazi amekunja uso kwa jua… na hapo ndipo wazo likaja, lilikuja taratibu, kama mtu anayebisha hodi kwa adabu, likasema, piga tu vile vile, Pelagia, piga kwa nguvu zako zote, zungusha mpaka kofia iruke, halafu kosa, kuna ubaya gani, watu watasema masikini amejitahidi, mmeona alivyojitutumua, shangazi atapanda treni akimwacha mtoto wake mshindi, na wewe utakuwa hukumshinda mtoto wa nyumba mbele ya mama yake, nani atajua, Tufaha hatajua, Mwalimu Anselm atasema ni Isikizya ileile… Bwana Yesu atajua, akajibu moyoni, lakini alijibu kwa unyonge, kwa sababu wazo lenyewe halikuwa geni, lilikuwa linajua viti vilipo, lilikaa lenyewe, na yeye akaanza kuogopa, akajiuliza jambo ambalo hakutaka kujiuliza, zile mbili za kwanza, zile alizokosa sasa hivi, alikosa au alijikosesha… alitafuta ndani yake kama mtu anayetafuta sindano kwenye mkeka, hakuona, hajui, kweli hajui, na kutojua huko kukambana kuliko mistari ya majivu, akapiga hatua ndogo nyuma na refa akasema, ndani, mpigaji, akarudi ndani.

Kwa maana kule uani ndivyo alivyokuwa akifanya, hilo analijua vizuri, alikuwa anainua fimbo mpaka inagusa mgongo, juu kabisa, kila anayepita njiani aone, aseme mtoto wa marehemu anachapa kazi, si mzigo kwa watu, anakula jasho lake, halafu fimbo ikishuka anailegeza mwishoni, inaugusa mpunga kama anaubembeleza, ili upande wa Ngollo utangulie kupukutika, mtoto wa nyumba atangulie kumaliza, asije mtu akasema mwenye kuletwa anamshinda mwenye kuzaliwa, juu anaonekana, chini hayupo, na jambo hilo likaingia mikononi likakaa humo, akaja nalo mjini, akaja nalo hata kanisani, Mungu amsamehe, kwani rozari yake anaisalia wapi kama si kitanda cha karibu na taa, pale kila anayekwenda kuoga atamwona, na kwaya, katika kwaya si ndiye anayefumba macho wakati wa kuimba huku akipepesa kidogo kuona nani ameona kwamba amefumba… hayo alishayataja kwa padri, lakini aliyataja haraka haraka, kati ya uvivu na kusengenya, yapite bila kuulizwa, akapewa Salamu Maria akazisali karibu na taa.

Pelagia, shangazi amepaza sauti kutoka kwenye khanga, katikati ya watu wote hao, mmekula nyie asubuhi, na watu wakacheka tena, mwalimu wa zamu akasema, mama, mtoto yuko kazini, na Pelagia akajibu upesi, tumekula, shangazi, kama alivyojibu siku zote, sauti ya mtoto mwema, na ni uongo, hajala, alipoambiwa Ngollo ndiye atakayerusha, chai aliiacha mezani na andazi juu yake, sasa kwa nini adanganye, andazi lina siri gani, lakini kinywa kimezoea, nimekula, nimeshiba, sichoki, haina shida, niachie mimi, maneno hayo nayo ni fimbo za juu juu… wapi huo mpira, wanaume wazima wawili wamekosa mpira mmoja, anamwona Mwalimu Anselm amepiga magoti anachungulia chini ya lori, Tufaha kule kituo cha tatu amenyoosha mgongo, anamwita kwa sauti ya chini, Pela, Pela, nitazame mimi, usimtazame yeye, fupi, Pela, fupi tu, anaonyesha kwa mkono, kiwiko mbavuni, kiwiko mbavuni, na jasho linamtoka chini ya hijabu na bado anatabasamu, ni yeye aliyemwomba baba yake, mzee Murtadha, mwaka mzima ruhusa ya kucheza, baba, ukimwona Pelagia utajua timu yetu ni ya watu wa dini, ndivyo alivyomwambia, na mzee akakubali kwa sababu ya Pelagia, mtu wa dini, anayetaka kumwacha binti yake pale pale kituo cha tatu ili yeye aitwe masikini amejitahidi…

Fupi. Lakini yeye fupi ameifanya wapi maishani… jikoni, wazo lilimjia bila kutafutwa, jikoni kwa shangazi, wakati wa msiba wa babu, wanawake wote wako nje na waombolezaji, yeye peke yake ndani na sufuria kubwa ya ugali, moshi, mlango umefungwa nusu, jiko lenyewe jembamba mno, mgongo unagusa matofali na mbele ni moto, mwiko hauna pa kwenda, akakita miguu, viwiko vikaingia mbavuni vyenyewe, na kila alipogeuza kiuno ugali wote uligeuka, zigo zima lile, na mikono haikuuma, hakuna aliyemwona, hakumwinulia mtu yeyote mwiko, alisonga ugali, basi, watu wakala wakashiba, na hakuna aliyeuliza kasonga nani, na yeye, sasa anakumbuka, yeye alikuwa anaimba, wimbo wa Mama Maria, taratibu, bila kufumba macho… ajabu, mahali palipombana kuliko pote ndipo mikono yake iliponyooka, na uani penye nafasi yote ile ndipo alipokuwa amefungwa.

Na siku ya pili ya msiba huo huo ndipo alipomsikia shangazi nyuma ya jiko akizungumza na jirani, Pelagia anatoka kisimani, ndoo kichwani, akasikia, huyu mtoto anainua fimbo juu kama anafukuza mwewe, mpunga wenyewe haumgusi, akahisi moto masikioni, akageuza njia akapita upande wa mihogo, na maneno hayo akayabeba miaka hii yote, mwewe, mwewe, kila mara aliposhika kitu ameinua zaidi ili asisemwe, ndivyo anavyokumbuka siku zote, ameisimulia hivyo hata kwa Tufaha… lakini si kweli kwamba alipita upande wa mihogo pale pale. Alisimama. Sasa, ndani ya kijumba hiki asichoweza kutoka, anajiona amesimama, maji yanamchuruzika shingoni, na shangazi anaendelea, sauti yake si ya kusengenya, ni ya mtu aliyechoka, anasema, namwona, jirani, siyo kwamba simwoni, anamwachia Ngollo kila kitu, na Ngollo naye anakasirika, na huyu Pelagia akinawa mikono anasubiri mpaka niseme kula, miaka yote hii bado amesimama mlangoni na ile ndoo yake ya nguo, mimi sijui nilimkosea wapi… hayo aliyasikia. Aliyasikia yote akayaacha pale nyuma ya jiko, akachukua mwewe peke yake, kwa sababu mwewe alikuwa mwepesi kubeba, mtu ukitukanwa unajua la kufanya, unainua fimbo juu zaidi, lakini ukiambiwa ingia ndani, ulishaingia zamani, ufanye nini na ndoo… na Ngollo naye anakasirika, hilo pia, ile siku waliyoshindana kujaza pipa akapunguza mwendo Ngollo apite, Ngollo aligeuka akaona, akamwaga ndoo yake yote mchangani, akasema, chota upya, usinifanye mjinga, na hawakusemezana mpaka jioni, na yeye Pelagia alidhani ni kiburi cha mtoto wa nyumba, akamwombea, Mungu amsamehe, alimwombea Ngollo apunguziwe kiburi.

Umepatikana, wamesema, umepatikana, Mwalimu Anselm anakuja akijifuta magoti, mpira una doa la mafuta ya lori, refa anausugua kwenye suruali, hewala, tuendelee, mbili, anampa Maua na Maua anamrushia Ngollo, na Ngollo anaudaka bila kuutazama, anamtazama yeye, inua, binamu, anasema tena, lakini sasa Pelagia anasikia kitu chini ya mzaha ambacho hakukisikia mwanzo, ni kama mtu anayeomba, inua au shusha lakini fanya kweli, usinifanye mjinga… mistari ni ileile ya majivu, hakuna aliyeisogeza, refa yuko palepale, watu palepale, akikosa watarudi kufua jezi na Tufaha atakwenda dukani, akipata atakuwa amemshinda Ngollo mbele ya mama yake, hakuna kilicholegea, Bwana, kila kitu kinambana vile vile, na yeye akawaza, hapa nikuwekee ukuta, mkono wangu wa kulia, hapa ukuta wa stoo, na nyuma matofali ya jiko, na huko nje kusiwe na mtu wa kumwinulia… akalegeza vidole, kimoja kimoja, damu ikarudi kwenye kucha, akakumbuka uongo wa andazi, mdogo, wa kipuuzi, uko palepale kinywani kama punje ya mchanga, na kabla hajajizuia, katikati ya uwanja, mbele ya refa na mwalimu wa zamu na shule mbili nzima, akasema bila kugeuza kichwa, shangazi, sijala.

Mtu mmoja akacheka, na refa akasema, jamani, tucheze, na kutoka kwenye khanga sauti ikaja, kavu kama kawaida yake, kama vile aliulizwa chumvi iko wapi, basi malizeni mje mle, nina viazi kwenye kapu, vinapoa… malizeni, amesema, mje, siyo uje, wote wawili, atakayeshinda na atakayeshindwa, viazi ni vilevile, na Pelagia hakutazama huko, hakuhitaji, alikita miguu kama kwenye jiko lile, kiwiko cha nyuma kikashuka chenyewe, taratibu, kikakaa mbavuni kama kimefika kwao, na Ngollo pale mbele amekiona, hakuna mtu mwingine uwanjani anayeweza kuona kitu kidogo namna hiyo lakini Ngollo amekiona, mzaha umemtoka usoni, ameubana mpira sawasawa kwa mara ya kwanza leo, na Maua nyuma anasema, he, huyu kapoteza mikono, na Tufaha ameinama tena, na vumbi la barabara ya Ujiji linapita juu ya majivu, na mkono wa Ngollo unaanza kuzunguka…